Kubadilisha Paipu za Pawa Steringi Zilizoliwa na Kutu kwenye Lori la Zamani

Lori lililobeba miwa ya Muhoroni na Chemelil miaka nenda miaka rudi huoza kuanzia chini. Maji ya miwa hudondokea chasi, yakashika vumbi, yakaganda. Mvua ikinyesha, ganda lile hunywa maji na kukaa nayo. Paipu za chuma za pawa steringi hupita papo hapo, zimebanwa kwenye chasi mahali pasipofikiwa na brashi. Lori la mbolea lina shida zaidi, kwa kuwa DAP na CAN huvuta unyevu wa hewa na chumvi zake hula chuma upesi. Tope jeusi la Ahero na uwanda mzima wa Kano nalo huchelewa sana kukauka. Yapo pia malori ya mitumba kutoka Japani na Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Hayo kutu yake huwa imeanza kabla meli haijatia nanga Mombasa.

Nawaandikia mafundi na wenye malori ya zamani, yale ya Isuzu, Fuso na Hino ambayo ndiyo mengi huku kwetu. Niseme mapema ninaloliamini kuliko mengine yote: paipu ya presha iliyoliwa na kutu haizibwi, hubadilishwa. Kando ya barabara kuu, kuanzia Salgaa hadi Busia, utaona malori ambayo paipu yake imekatwa pale ilipooza, ikavishwa kipande cha mpira wa dizeli na kukazwa kwa jubilii (vibano vya skrubu) mbili kila upande. Lori likiwa limesimama kazi hiyo huonekana safi. Lakini dereva akizungusha usukani hadi mwisho, presha ndani ya paipu hiyo huweza kupita baa 100 (baa ni kipimo cha presha). Tairi la lori, ambalo sote twajua likipasuka hufanya nini, hujazwa baa 7 au 8 hivi. Mpira wa dizeli na jubilii havikutengenezwa kwa mzigo kama huo, na siku vitakapoachia itakuwa kwenye kona, kwa sababu ni kwenye kona ndipo presha hupanda.

Vikiachia, oili huisha kwa muda mfupi sana na usukani huwa mzito ghafla. Bado umeungana na magurudumu, hivyo lori linaweza kuongozwa, ila kwa nguvu ya mabega tu, tena na dereva ambaye hakujiandaa. Fikiria hilo ukiteremka mlima wa Nandi na shehena kamili. Na oili ikirukia ekzosi ya moto, inaweza kuwaka.

Kujua paipu ipi ni ipi

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni mpira mnene unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu. Huu hunyonya tu. Ya pili hutoka kwenye pampu kwenda kwenye steringi boksi: hiyo ndiyo ya presha. Kwa kawaida huwa na sehemu za chuma na sehemu ya mpira wenye waya ndani. Ya tatu hurudisha oili kutoka kwenye boksi hadi kwenye tangi, na presha yake ni ndogo. Ukitaka kuhakikisha, fuata kwa kidole kuanzia kwenye pampu: yenye nati iliyokazwa kwa spana au boliti ya kupitisha oili yenye washa za shaba ni ya presha, yenye klipu ya kawaida ni ya kunyonya au ya kurudisha.

Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua matengenezo. Ile ya kurudisha inaweza kukatwa sehemu iliyooza na kuunganishwa kwa mpira unaostahimili oili ya moto, mradi ncha za chuma zina ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usichomoke. Ya presha haina ruhusa hiyo.

Kuthibitisha uvujaji

Osha kwanza. Usianze kutafuta mahali panapovuja kwenye chasi yenye matope na oili ya mwaka jana. Tumia dizeli kidogo na brashi, kisha sabuni na maji, uache pakauke kabisa. Washa injini, mwambie utingo azungushe usukani polepole kulia na kushoto, nawe tazama kwa tochi ukiwa pembeni.

Usipitishe mkono kwenye paipu hiyo injini ikiwa inanguruma. Tundu dogo kama la sindano hutoa uzi wa oili usioonekana ambao hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo, hakiumi sana mwanzoni, lakini oili iliyoingia huua nyama ya ndani na watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Shika kipande cha katoni safi, kipitishe kando ya paipu kwa umbali. Oili itajichora yenyewe. Mtu akichomwa na oili ya presha apelekwe hospitalini saa hiyohiyo na daktari aambiwe ni oili iliyoingia kwa presha. Kumwosha na kumfunga bendeji ni kumpotezea muda.

Rangi itakusaidia. Oili ya ATF, ambayo malori mengi hutumia kwenye steringi, ni nyekundu, ikizeeka hugeuka hudhurungi. Oili ya injini ni nyeusi. Oili ya breki huwa karibu na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, na hubabua rangi ya gari inapodondokea.

Zima injini, kisha sugua paipu yote kwa brashi ya waya. Yote, hata pale pakavu. Fungua vishikio vinavyoibana kwenye chasi na utazame chini ya raba zake, kwa sababu raba hiyo hushika maji na ndipo kutu hula zaidi. Kutu nyekundu ya juu inayotoka na kuacha chuma laini si neno. Safisha, paka rangi. Ukipitisha ukucha ukahisi vishimo, paipu hiyo imekwisha hata kama haijatoa tone. Ukuta wake ni mwembamba, milimita moja hivi, na kishimo unachokiona kwa macho kimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya milimita hiyo.

Kama pampu inalia na oili ya tangini ina povu lakini hakuna uvujaji popote, usikimbilie paipu ya presha. Tazama mpira wa kunyonya na klipu zake. Njia hiyo haimwagi oili, huvuta hewa. Mpira uliokauka na kupasuka mdomoni unaweza kukununulisha pampu mpya bila sababu.

Kufungua

Egesha mahali tambarare, handibreki juu, mawe au mbao kwenye magurudumu ya nyuma pande zote mbili. Ukiinua kabini, hakikisha mkono wake wa kuizuia umeingia na kufunga. Kabini ikishuka haimpi mtu nafasi ya kukwepa. Mbele ukiinua kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli. Injini ipoe. Paipu ikipita karibu na stata, toa waya wa hasi wa betri.

Usiku wa kuamkia kazi, mimina oili ya kulegeza kutu kwenye nati zote na uzirudie asubuhi. Halafu piga picha kwa simu: inapopita paipu, ilipopinda, vishikio viko wapi, iko umbali gani na ekzosi. Utadhani utakumbuka, lakini paipu ikishatoka na kupindwa wakati wa kuivuta, picha ndiyo itakayokuambia ukweli.

Weka karai safi chini, fungua ya kurudisha kwanza ili oili ishuke. Itazame oili hiyo juani. Ikiwa ina vumbi la chuma linalometameta, pampu au boksi inajila, na paipu mpya haitaponya hilo. Usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro ya Kisumu huingia Kisat na Auji na kuishia ziwani. Iweke kwenye mtungi uwapelekee wanaokusanya oili chafu.

Nati za paipu zikazwe na kufunguliwa kwa spana yake, ile iliyo kama ringi yenye mwanya wa kupitisha paipu. Spana ya kawaida iliyo wazi hushika pande mbili tu na huharibu pembe za nati iliyooza. Pale paipu inapoungana na mpira, tumia spana mbili, moja izuie na nyingine ifungue. Nati ikizunguka pamoja na paipu, usipigane nayo: paipu hiyo inatupwa hata hivyo, ikate kwa msumeno karibu na nati kisha tumia spana ya boksi ya pembe sita. Moto wa gesi usikaribie, kuna oili na mpira humo.

Matundu ya pampu na boksi yazibe mara moja kwa vifuniko safi au nailoni iliyofungwa. Usitumie kitambaa. Uzi mmoja wa kitambaa ukiingia kwenye vali ya boksi utakusumbua kuliko kutu yenyewe.

Kuchagua paipu mpya

Hapa ndipo pesa hupotea au huokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Paipu halisi ya kampuni, ikiwa ingali inapatikana kwa lori lako, ndiyo njia fupi. Imepindwa tayari, ncha zake ni zake. Peleka namba ya chasi dukani, si jina la lori tu, kwa sababu modeli moja hubadilishwa pampu au boksi katikati ya miaka yake.

Ya pili ni mpira wa hadroliki uliopresiwa vichwa kwa mashine. Nakuru, Eldoret na Kisumu wapo wanaofanya kazi hii kila siku kwa matrekta na mashine za kuchimba barabara, na wengi huifanya vizuri. Beba paipu ya zamani nzima, usikate ncha. Omba mpira wenye alama ya presha iliyochapishwa ubavuni. Mpira wa inchi 3/8 wenye suka moja ya waya hubeba baa 180 kazini, wenye suka mbili baa 330. Wa inchi 1/2 ni baa 160 na 275. Kipenyo cha ndani kisiwe kidogo kuliko cha mwanzo. Ule wa suka mbili ni mgumu kupinda, basi usiuchukue kwa sababu tu una nguvu zaidi kama njia yenyewe ni finyu: mpira wa 3/8 wa suka moja hautaki kupindwa kwa nusu kipenyo kinachopungua milimita 130 hivi, na wa 1/2 milimita 180. Ukipindwa zaidi ya hapo huchoka karibu na kichwa.

Jambo linaloharibu kazi nyingi za mipira hii ni uzi wa nati, yaani ile mistari ya mzunguko inayoshikana wakati wa kukaza. Malori ya Japani hutumia uzi wa milimita, mara nyingi wa kipenyo cha 14, 16 au 18 wenye hatua (umbali kati ya mstari na mstari) ya 1.5. Dukani kuna vichwa vingi vya uzi wa Kiingereza wa paipu, na ule wa 3/8 una kipenyo cha milimita 16.66. Mtu akiuona kando ya ule wa 16 husema ni kitu kimoja. Unashika mizunguko miwili ya kwanza, kisha unakaza, na spana inamaliza uzi wa pampu. Pima kwa kalipa na kwa geji ya uzi, au jaribu kichwa kipya kwa mkono kwenye nati ya zamani: kisipoingia chote kwa vidole, si chenyewe.

Tazama pia umbo la mdomo. Kuna uliopanuliwa kama tarumbeta, kuna unaokaa kwa ringi ya raba, kuna wa boliti na washa za shaba. Huwezi kulazimisha mmoja ukae kwenye nafasi ya mwingine kwa kukaza zaidi.

Ya tatu ni kupinda paipu mpya ya chuma isiyo na mshono na kupanua midomo yake. Fundi mwenye kifaa kizuri ataweza. Akumbuke kuingiza nati kabla ya kupanua mdomo, akwangue makali ya ndani baada ya kukata, apinde kwa mashine ya kupindia na si kwa goti, kisha apulize hewa ndani mpaka hakuna chembe ya chuma. Ile sehemu ya mpira wa mwanzo asiiondoe ili afanye yote chuma. Mpira ule humeza mtetemo wa pampu na mtikisiko wa injini; ukiondolewa, paipu hupasuka shingoni.

Paipu ya shaba ya friji au ya maji usikubali, hata ukiambiwa haishiki kutu. Ni kweli haishiki, lakini mtikisiko wa lori huifanya kuwa ngumu na kupasuka. Kuchomelea paipu iliyooza nako ni kuhamisha tundu, kwa sababu moto hukutana na ukuta uliokwisha kuliwa. Na paipu iliyotolewa kwenye lori jingine kuukuu ina umri uleule wa yako.

Kufunga

Kama ni paipu ya chuma, ipake rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya kawaida kabla ya kuifunga, midomo ikiwa imezibwa. Ipake pale chini ya vishikio hasa. Baada ya kufunga hutafika tena huko.

Anza nati zote kwa vidole pande zote mbili kabla ya kukaza hata moja, na uiache paipu ikae yenyewe bila kuvutwa. Washa za shaba ziwe mpya. Usipozipata, za zamani zilizo nzima zinaweza kupashwa moto mpaka ziive wekundu hafifu, zikapozwa na kusuguliwa kwa msasa laini. Shaba hurudi kuwa laini na kuziba tena. Utepe mweupe wa mabomba ya maji usiuweke hapa. Kinachoziba ni mdomo au washa, si uzi, na vipande vya utepe huishia kwenye vali.

Mpira una mstari wa maandishi ubavuni. Ukishakaza, mstari huo uwe umenyooka. Ukijisokota, legeza na urudie, maana presha hujaribu kuunyoosha na huulegeza kichwani. Uachie ulegevu kidogo, kwa kuwa hufupika presha inapoingia. Uwe mbali na ekzosi, na usiguse ukingo wa chasi. Ambapo hauwezi kukwepa joto, weka bati la kukinga. Rudisha kila kishikio na raba yake mpya: kishikio kilichoachwa ndicho kitakachovunja paipu.

Kujaza na kutoa hewa

Kabla ya kujaza, fungua tangi, osha au badilisha chujio lake, na upanguse mashapo ya chini. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha lori; malori mengi ya Japani hutumia ATF ya aina ya Dexron. Oili ya breki isiingie humu kamwe. Huvimbisha raba za pampu na boksi, na baada ya hapo utabadilisha kila kitu.

Inua magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi. Injini ikiwa imezimwa, jaza tangi, zungusha usukani taratibu toka mwisho hadi mwisho mara 10 hadi 20, huku mwenzako akiongeza oili isije ikakauka tangini. Watu huruka hatua hii kwa sababu haina mlio wa kuwaambia kazi inaendelea, kisha wanalaumu pampu. Viputo vikikoma, washa injini iwe silensa, bila kukanyaga mafuta, zungusha tena polepole. Ukifika mwisho usikae hapo zaidi ya sekunde tano. Presha yote na joto lote viko pale. Oili ikitoa povu au kuwa kama maziwa, zima, subiri povu lipande na kuisha, endelea. Acha itulie hata nusu saa.

Ikishatulia, kagua tena kwa katoni, injini ikiwa imepata joto. Shusha magurudumu, panda lori tupu, zunguka uwanjani, kaza kona pande zote. Kisha pima kiwango, na uangalie kila kiungo kwa kidole injini ikiwa imezimwa. Safari ya kwanza iwe fupi na ya tambarare, Kisumu hadi Ahero na kurudi inatosha, si Mau Summit.

Siku zinazofuata

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudia kukagua nati na kiwango cha oili. Lori la miwa au mbolea lioshwe chini ya kabini kwa maji mengi kila wiki, na ganda lililo nyuma ya paipu litolewe kwa brashi.

Kama kiwango kinaendelea kushuka na chini pakavu kabisa, tazama pampu inavyoendeshwa. Kwenye malori mengi ya dizeli pampu haina mkanda. Imeshikana na gia za injini. Sili ya shafti yake ikichoka, oili ya steringi huvuja kwa ndani na kuingia kwenye sampu ya injini (bakuli la oili lililo chini yake), hakuna tone litakaloanguka chini. Chomoa kijiti cha oili ya injini: kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, toa pampu hiyo ibadilishwe sili, na oili ya injini imwagwe yote kabla lori halijarudi barabarani.